Reli Ilipopita Gulwe

Msafara uliopanda bara kutoka Bagamoyo katika miaka ya 1870 haukuipita Mpwapwa bila kutua. Nyuma yake kulikuwa na milima ya Usagara. Mbele ilitandaa Marenga Mkali, nyika kavu ambayo maji yake, yakipatikana, yalikuwa machungu, na ng'ambo ya nyika hiyo ilianza Ugogo, ambako kila mtawala alidai hongo yake, yaani ushuru wa njia, kabla mgeni hajachota kisimani. Kwa hiyo watu walipumzika penye chemchemi za Mpwapwa. Wapagazi walitua mizigo ya nguo za merikani, shanga na waya wa shaba, kila mmoja frasila mbili au karibu yake, kilo 30 hivi zilizomkaa begani tangu pwani. Walinunua nafaka, wakajaza vibuyu, wakasubiri misafara mingine ili waivuke nyika wakiwa wengi. Njia iliyotoka Bagamoyo na ile ya Saadani zilikutana hapo. Wamisionari wa Kiingereza walipotafuta mahali pa kuweka kituo waliichagua Mpwapwa, na Wajerumani walipokuja nao wakaweka kituo chao huko huko. Mtu aliyeulizwa wakati huo ni mahali gani kati ya Usagara na Unyanyembe, nchi ya Tabora, patakuwa mji mkubwa, angekuwa na kila sababu ya kuitaja Mpwapwa.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, umbali wa kilomita 1,250 na ushei. Baada ya Kilosa reli ilifuata bonde la mto Mkondoa, ikapanda taratibu hadi Kidete, kisha Gulwe, ikaendelea kaskazini-magharibi kuelekea Dodoma. Mpwapwa ilibaki pembeni, juu kidogo, umbali usiozidi mwendo wa siku moja wa msafara kutoka Gulwe. Garimoshi la mvuke halipendi mlima. Linataka mwinuko mdogo na maji ya kunywesha boila, na bonde la mto hutoa vyote viwili. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba Mpwapwa ishuke cheo. Hata hivyo ilishuka. Dodoma, iliyokuwa makazi madogo ya Wagogo, ikapata stesheni, maduka, kisha ofisi za serikali na jimbo, na mwaka 1973 ikatangazwa kuwa makao makuu ya nchi. Mpwapwa ilikuja kupewa chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa mifugo, taasisi za kuheshimika zilizofanya kazi kubwa, lakini ikabaki mji wa wilaya.

Kisa hiki kinagusa namna tunavyopanga usafiri hadi leo. Mpangaji huanza kwa kuipanga miji katika ngazi: jiji, makao makuu ya mkoa, makao makuu ya wilaya, kituo cha tarafa, kata, kijiji. Kisha huchora njia kwa kufuata ngazi hiyo, barabara nene kati ya miji mikubwa na nyembamba kadiri anavyoshuka. Utaratibu huu huonekana wa haki kwa sababu haumpendelei mtu. Unafuata hali ilivyo. Hoja yangu ni kwamba katika Tanzania Bara hali hiyo ilivyo ni kazi ya reli kwa sehemu kubwa. Anayegawa njia kwa kufuata vyeo vya miji anakubali, bila kujua, uamuzi ambao mhandisi wa 1905 aliufanya akiwaza mwinuko na tani za mizigo, na wala hakuwa akiwaza watu watembee umbali gani kufika sokoni au hospitali.

Nadharia ya ngazi ya vitovu, yaani miji na vituo vinavyohudumia maeneo yake, ina mwenyewe. Ni Walter Christaller, mwanajiografia Mjerumani, aliyechapisha mwaka 1933 kitabu kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani. Wazo lake la msingi ni jepesi, na mwenye duka yeyote kijijini analijua bila kulisoma. Chumvi na kiberiti havimpeleki mtu mbali, na wateja wachache wanatosha kumweka muuzaji hai. Kwa hiyo maduka ya namna hiyo huwa mengi na ya karibu karibu. Fundi wa saa, wakili au daktari bingwa anahitaji watu wengi zaidi nyuma yake, na watu wako tayari kusafiri zaidi kumfuata, hivyo hukaa katika miji michache iliyo mbalimbali. Kila huduma ina upeo, yaani umbali ambao mtu atakubali kuifuata, na ina kizingiti, yaani idadi ya wateja ambayo chini yake haiwezi kusimama. Christaller alichora maeneo ya huduma kama masega ya nyuki, madogo ndani ya makubwa. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba alichora zaidi ya mpango mmoja. Katika mpango unaofuata soko, vitovu hukaa ili kila mtu awe karibu na huduma kwa kutumia vitovu vichache iwezekanavyo. Katika mpango unaofuata usafiri, vitovu vingi iwezekanavyo hupangwa juu ya mstari mmoja unaounganisha miji mikubwa, ili njia iwe rahisi kujengwa. Na upo wa tatu unaofuata utawala, ambao kila kijiji kinawekwa chini ya boma moja bila mipaka kuingiliana. Mipango hiyo mitatu haitoi ramani moja. Ramani inayompunguzia mjenzi wa njia gharama inaweza kumwongezea mwananchi mwendo.

Tanganyika ilipata mpango ule wa pili, wa usafiri, ukachanganywa na wa tatu. Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara, lakini maji yake ya pwani ni mafupi na majahazi yalikuwa yakikaa mchangani maji yakipwa. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid wa Zanzibar alikuwa ameanza kuijenga katika miaka ya 1860 kisha ikadorora alipofariki mwaka 1870, ilikuwa na bandari yenye kina iliyokingika dhidi ya upepo. Wajerumani walihamishia makao yao huko mwaka 1891, reli ikaanzia huko, na Bagamoyo ikakaa kimya. Upande wa pili wa nchi ilitokea vivyo hivyo. Ujiji ndio uliokuwa mji wa ziwa, mji wa soko na wafanyabiashara, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Reli iliishia Kigoma, kilomita chache kaskazini, kwa sababu ghuba ya Kigoma ni tulivu na ina kina. Huko ndiko yalikopelekwa kwa reli makasha 5,000 hivi yenye vipande vya meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo meli tuijuayo kwa jina la Liemba. Katikati ya njia, Kilimatinde iliyokuwa na boma la Wajerumani iliachwa juu ya ukingo wake, na Manyoni iliyo relini ikachukua nafasi yake. Kenya nayo ina kisa chake: Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza bara hata kabla ya reli, lakini reli ya Uganda ikapita mbali nayo, na mwaka 1899 ofisi zikahamishiwa kwenye tambarare ya majimaji mahali paitwapo Nairobi, ambako kabla ya hapo hapakuwa na mji.

Mwaka 1969 serikali ya Tanzania, katika Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ilitaka kuivunja nguvu ya Dar es Salaam. Sababu ilikuwa ya kweli: sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 272,000, na mji uliofuata, Tanga, una wapatao 61,000 tu. Mpango huo ukachagua miji tisa ya kukuzwa ili viwanda na huduma visambae: Tanga, Moshi, Arusha, Morogoro, Dodoma, Tabora, Mwanza, Mbeya na Mtwara. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa na ramani ya reli mkononi, utaona kwamba miji saba kati ya tisa ilikuwa juu ya reli zilizojengwa na Wajerumani au kurefushwa na Waingereza kabla ya 1930. Mbeya ilipata yake muda mfupi baadaye, reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975. Mtwara ilikuwa na reli ikaipoteza. Watu walioandika mpango ule walikuwa na nia njema na walikuwa wanapambana na urithi wa ukoloni waziwazi. Lakini walipotafuta vitovu vya kusambazia maendeleo, vitovu vilivyojitokeza machoni pao vilikuwa vile ambavyo reli ilikuwa imekwisha kuvinyanyua. Ngazi waliyoikuta waliichukulia kuwa sura ya nchi.

Mtu makini atanipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema reli yenyewe haikujitungia njia. Ilifuata njia ya misafara. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita humo mwaka 1857, na wenyeji walipita miaka mingi kabla yao. Tabora ilikuwa Tabora kabla ya chuma: wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walikuwa na matembe yao Kaze na Kwihara, njia za kwenda Ujiji, Karagwe na kusini zilitengana pale, na Wajerumani walilazimika kupigana na mtemi Isike hadi Januari 1893 ndipo wakaishika. Je, si kweli basi kwamba vitovu vilitangulia na reli ikavifuata? Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mwelekeo wa reli ulitoka kwa misafara. Lakini angalia ni vituo vipi vilivyosalia. Kati ya Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora na Ujiji, ni Tabora peke yake iliyobaki kitovu kikubwa baada ya reli. Nafasi za nyingine nne zilichukuliwa na jirani zao. Kama ngazi ya zamani ingekuwa ndiyo inayoamua, reli ingepindishwa kuifuata. Iliamua reli.

Tena njia ile ya misafara haikuwa ndiyo njia pekee ya zamani. Kabla biashara ya pembe na watumwa haijavuta kila kitu kuelekea pwani, Wanyamwezi na majirani zao walikuwa na mitandao yao iliyoelekea pande nyingi. Chumvi ya chemchemi za Uvinza, iliyochemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000, ilitembea hadi maziwani na nyanda za ndani. Majembe ya chuma yaliyofuliwa karibu na Ziwa Victoria yalishuka kusini, yakatumika shambani na katika mahari. Ng'ombe, nafaka na nguo za magome vilivuka mipaka ya tawala. Mtandao wa namna hiyo hauna ncha moja. Anayeishi kwenye kona yake bado yuko katikati ya kitu fulani. Reli iliuchukua mstari mmoja tu wa mitandao hiyo, ule unaokwenda baharini, ikaufanya uti wa mgongo, na mingine yote ikawa vijia vya kuufikia.

Hasara ya kufuata mstari huo mmoja inaonekana katika kazi ya Clement Gillman. Alikuwa mhandisi aliyefanya kazi kwenye Reli ya Kati tangu enzi ya Wajerumani, akabaki chini ya Waingereza, na katika miaka ya 1930 akachora ramani ya watu wa Tanganyika iliyojulikana sana. Ilionyesha kwamba watu wamejikusanya pembezoni, kwenye maziwa, milima na nyanda za juu zenye maji ya kutegemewa, na kwamba eneo kubwa la kati lina watu wachache mno au halina kabisa. Fikiria maana yake kwa reli. Njia kuu ya nchi ilipita kwenye uwazi ili kuufikia upande wa pili, na Usukuma yenye watu wengi na pamba ilisubiri hadi 1928 ndipo tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza. Rungwe, Songea na Bukoba hazikuguswa. Reli iliyopangwa kwa kuuliza watu wako wapi isingekuwa na sura ile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kusini. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Uingereza iliingia kwenye mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili ya shamba la Nachingwea ikajengwa reli kutoka pwani ya Lindi, baadaye Mtwara, pamoja na bandari mpya ya kina kirefu. Mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951, bandari na reli vikamalizika kujengwa baada ya hapo, na mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kama njia ndiyo inayoumba kitovu, mbona Nachingwea haikuwa Dodoma? Jibu ni kwamba njia huumba kitovu pale tu inapokuwa ndiyo njia ya mambo mengi kwa wakati mmoja. Reli ya Kati ilibeba kodi, askari, barua, katani, wasafiri, wanafunzi na wagonjwa. Kila ofisi mpya ilipotafuta mahali pa kukaa ilitafuta stesheni. Reli ya kusini ilijengwa ibebe karanga, na karanga hazikutokea. Haikuunganishwa na reli nyingine yoyote ya nchi. Kisa cha Nachingwea kinaonyesha kwamba uwekezaji mkubwa unaotazama zao moja na bandari moja huwaacha watu wa pale walipokuwa. Kusini ilipata njia ya mizigo, na kwa miongo kadhaa baadaye msafiri wa Mtwara au Lindi alitegemea barabara ya Kibiti ambayo masika ilimkwamisha siku kwa siku.

Serikali huru ilijaribu pia njia iliyo kinyume: badala ya kupeleka huduma kwa watu, kuwakusanya watu penye huduma. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni, na sehemu nyingi kijiji kipya kilipangwa kando ya barabara ili lori la mbegu, gari la wagonjwa na mwalimu viweze kufika. Lengo la kumfikishia kila Mtanzania shule, zahanati na maji nalihesabu kuwa miongoni mwa malengo bora kabisa ambayo nchi hii imewahi kujiwekea. Lakini barabara iliyomkaribisha mtu na zahanati ilimtenga na shamba lake, na mara nyingine na maji yake. Ufikikaji ulipimwa kwa upande mmoja tu, upande wa huduma inayotoka juu. Mkulima huwa na safari nyingi kwa siku: shambani, kisimani, kuni, malisho, sokoni. Barabara ya lori ni moja kati ya hizo, na kwa wengi ndiyo adimu kuliko zote. Christaller mwenyewe alishiriki katika ubaya wa kuifanya ramani kuwa amri. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanya kazi ya kupanga vitovu vipya katika Poland iliyotekwa na Wajerumani, nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wanafukuzwa. Mambo haya mawili siyalinganishi, moja lilikuwa uhalifu na jingine lilikuwa kosa la haraka. Yanafanana kwa jambo hili tu, kwamba nadharia iliyoeleza jinsi watu walivyokaa iligeuzwa kuwa agizo la mahali pa kukaa.

Litabaki swali la fedha, na mpangaji yeyote wa wizarani ataliuliza mapema. Hela hazitoshi kwa kila kijiji. Pasipo ngazi zitatawanywa kama mvua ya manyunyu, na hakuna kitakachoota. Ni kweli. Hospitali ya rufaa haiwezi kuwa kila kata, kizingiti chake hakiruhusu, na siombi ngazi ifutwe. Ninaloomba ni kubadilisha swali la kwanza. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaeleza barabara kuu kuwa ile inayounganisha makao makuu ya mikoa au kwenda nchi jirani, na barabara ya mkoa kuwa ile inayounganisha makao makuu ya mkoa au barabara kuu na makao makuu ya wilaya, na kuendelea kushuka namna hiyo. Cheo cha barabara kinatoka kwenye cheo cha ofisi iliyo mwishoni mwake. TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, inatunza ngazi hizo mbili za juu, zaidi ya kilomita 36,000, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, inabeba zilizobaki, zaidi ya kilomita 100,000, nyingi zikiwa za udongo. Ujerumani ya leo bado ina ngazi ya vitovu vya daraja tatu, lakini miongozo yake ya mwaka 2008 ya kupanga mitandao inaanzia nyumbani kwa mtu: kitovu cha chini kifikiwe ndani ya dakika 20 kwa gari au 30 kwa usafiri wa umma, cha kati ndani ya 30 au 45, cha juu ndani ya 60 au 90. Dakika hizo si zetu, wala magari hayo si yetu. Kipimo chenyewe tunaweza kukichukua na kuweka humo saa za kutembea kwa miguu, nauli ya bodaboda, na miezi ambayo korongo halivukiki. Kwa kipimo hicho daraja dogo kwenye kijito kisicho na jina linaweza kushinda kilomita kumi za lami kati ya miji miwili ambayo tayari inafikiana.

Na si kila kitovu lazima kisimame mahali pamoja. Wakulima na wafugaji wa nchi hii wana taasisi ya zamani inayolijibu tatizo la kizingiti vizuri kuliko mpango wowote ulioandikwa, nayo ni gulio, au mnada kama wengi wanavyouita. Siku ya mnada uwanja uliokuwa mtupu jana unajaa kabla jua halijapanda: mbuzi wamefungwa kwenye miti, mitumba imemwagwa juu ya turubai, fundi cherehani ameketi chini ya mwavuli, muuza dawa za mifugo amepanga chupa zake juu ya meza, nyama inachomwa upande wa chini wa upepo. Jioni malori yanapakia, na kesho yake bidhaa zile zile na wauzaji wale wale wako kijiji kingine. Kijiji kimoja hakina wateja wa kumweka muuza viatu mwezi mzima. Vijiji vingi vinavyomgawana vinao. Huduma ndiyo inayobeba mwendo, mteja anapunguziwa. Mpango wa usafiri unaolichukulia gulio kwa uzito ungezipa kipaumbele njia za mzunguko zinazounganisha viwanja vya mnada, ambazo nyingi hazigusi makao makuu ya wilaya yoyote na kwa hiyo, katika ngazi ya sasa, hazina cheo.

Reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari isiyozidi saa nne pale ambapo mpagazi alitumia wiki nyingi. Ni kazi kubwa, na nchi ina haki ya kujivunia. Baada ya Kilosa inashika uelekeo ule ule wa bonde, Kidete, Gulwe, Dodoma. Mtu wa Mpwapwa anayetaka kuipanda anateremka kwanza hadi Gulwe, chini, kule kule ilikopitishwa reli ya kwanza.